Tairi linaloshuka upepo kidogo kidogo: hewa inapitia wapi?

Asubuhi unatoka, unaliangalia gari, unaona tairi la mbele kushoto limelala kidogo. Halijaisha upepo, limelegea tu. Unajaza, unaondoka, unasahau. Wiki inayofuata ni tairi lile lile. Ukimuuliza jirani atakwambia ni baridi. Mwingine atasema kuna watoto wanaochezea vali usiku. Wa tatu atakwambia tairi limechoka, nunua jingine. Fundi naye atalitumbukiza majini, atalizungusha mara moja, kisha: "Bosi, hapa hakuna pancha."

Niliishi na tairi la namna hiyo miezi miwili, na majibu hayo yote niliyapata. Lililonishangaza baadaye ni kwamba karibu kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, ila hakuna aliyekuwa amepima chochote, mimi nikiwemo.

Tuanze na maneno. Pancha tuliyoizoea ni ya msumari: tairi linakaa chini, unabadilisha, unaenda kuziba. Pancha ya polepole ni mwanya mdogo kiasi kwamba tairi huchukua siku kadhaa, au hata wiki, kuonyesha dalili. Upepo wenyewe hupimwa kwa psi, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba, au kwa bar, ambapo bar moja ni psi 14.5 hivi. Magari mengi madogo hutaka kati ya psi 30 na 35, lakini usiichukue namba hiyo kwangu. Ya gari lako imeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva au nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta. Ile namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi hilo, liwe limefungwa kwenye gari lolote. Wako wanaojaza kwa namba hiyo wakidhani ndiyo maelekezo, halafu wanashangaa gari linavyorukaruka.

Sasa, hewa inakaaje humo ndani? Matairi mengi ya magari madogo ya siku hizi ni tyubulesi, yaani hayana mpira wa ndani. Hewa haikai kwenye mfuko wake yenyewe. Imefungiwa katikati ya tairi na rimu, kama maji ndani ya chupa yenye kizibo: chupa inaweza kuwa nzima na kizibo kizima, lakini visipobana vizuri, maji yatatoka. Tairi lina midomo miwili, zile kingo nene zenye waya wa chuma ndani yake, mmoja upande wa nje na mmoja upande wa ndani wa gari. Presha yenyewe ndiyo inayoisukuma midomo hiyo ikaibana rimu. Ndani kabisa, tairi limepakwa tabaka la mpira wa jamii ya butili, ambao hewa huupenya kwa shida.

Ukiielewa picha hiyo, utaona hewa ina milango minne tu: mpira wa tairi uliotobolewa, midomo inapokutana na rimu, vali, na rimu yenyewe. Ikiwa upepo unapungua kuliko kawaida, mmoja wa hiyo minne uko wazi, na kazi iliyobaki ni kuutafuta.

Nimesema "kuliko kawaida" kwa sababu kuna kupungua kusikozibika. Puto ulilolifunga vizuri leo, baada ya siku chache limesinyaa bila tundu lolote, kwa kuwa hewa hupenya mpira wenyewe. Tairi nalo hufanya hivyo, ila kwa mwendo wa kobe: psi moja hivi kwa mwezi si jambo la kukukosesha usingizi. Kwa hiyo mtu anayesema "tangu nilijaze mwezi wa kwanza, leo mwezi wa sita limepungua, nina pancha" huenda hana pancha kabisa. Ana uvivu wa kupima.

Na baridi je? Jirani hakusema uongo. Hewa ikipoa husinyaa, na kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazoshuka, tairi la gari dogo hupoteza psi moja hivi. Alfajiri ya baridi kali inaweza kukuonyesha psi mbili au tatu pungufu ya zile ulizoziona jana mchana. Lakini baridi haichagui tairi. Ikishusha, inashusha yote manne, na jua likipanda yanarudi. Tairi moja likishuka huku wenzake wamesimama, mwache jirani na hali yake ya hewa. Watoto nao wasingiziwe kwa kiasi: anayeminya vali hutoa upepo mwingi kwa mkupuo mmoja. Hawezi kukutolea psi nusu kila usiku kwa mwezi mzima.

Kupima kabla ya kutafuta

Hapa ndipo watu wengi huruka hatua, nami niliruka. Nilikuwa najaza tu. Kujaza kila wiki kunakupa raha ya kuona umefanya jambo, lakini kila ukijaza bila kuandika unafuta ushahidi.

Tafuta geji yako mwenyewe, hata ya bei ya chini. Si lazima iwe sahihi kabisa. Geji moja, hata kama inadanganya, itadanganya kwa namna ile ile kila siku, na wewe unatafuta tofauti. Pima matairi yakiwa baridi, maana yake gari limesimama muda wa saa tatu au zaidi, jua halijalipiga upande mmoja. Ukitembea, matairi hupata moto na presha hupanda psi kadhaa. Anayepima akitoka safari ndefu akaona 37 na kuamua "kupunguza kidogo" atayakuta yamelegea kesho asubuhi, kisha ataanza kutafuta pancha isiyokuwepo.

Jaza yote manne sawa, andika, na usiyaguse. Yangu yalikuwa 33 Jumapili. Jumatano matatu yalisoma 33 na moja 31. Jumapili iliyofuata matatu yalikuwa bado kwenye 33, ila moja kati yake lilisoma pungufu ya hapo kwa kijistari, na lile la shida lilikuwa 28. Dakika kumi za kazi kwa wiki nzima, na nilikuwa nimeshajua mambo mawili ambayo miezi miwili ya kujaza haikuwa imeniambia: si baridi, na mwendo wa kutoka ni psi tano kwa wiki.

Utauliza: gari langu lina taa ya onyo ya upepo, kwa nini nihangaike? Taa hizo ni jambo jema. Marekani ilizifanya za lazima kwa magari mapya madogo yote kuanzia modeli za 2008, na Umoja wa Ulaya kwa magari mapya ya abiria tangu Novemba 2014. Lakini sheria ya Marekani inadai taa iwake tairi likiwa limeshuka asilimia 25 chini ya kipimo. Kwa gari la psi 32, hiyo ni psi 24. Taa ikinyamaza haina maana kwamba tairi liko sawa. Tena iko mifumo isiyopima upepo hata kidogo. Inahesabu mizunguko ya magurudumu, ikiona moja linazunguka haraka kuliko wenzake inajua limepungua kimo. Matairi yote manne yakilegea pamoja, mfumo wa namna hiyo unaweza usione tofauti.

Sabuni ina macho kuliko beseni

Sasa tutafute mlango. Unahitaji maji, sabuni ya kuoshea vyombo, chupa ya kupulizia au hata brashi ya rangi, chaki, na subira. Hiyo ya mwisho ndiyo waliyoikosa mafundi wangu.

Kabla hujalifungua gurudumu, anza na vali, kwa kuwa ndiyo rahisi kufikia. Fungua kifuniko, dondosha maji ya sabuni kwenye mdomo wake, subiri. Povu likijenga kichuguu kidogo kinachopasuka na kujijenga tena, kale kasindano kenye springi kaliko ndani kamelegea au kameingia mchanga. Hukazwa au hubadilishwa kwa kifaa kidogo kuliko kidole, na kazi haifiki dakika tano. Muundo wake haujabadilika sana tangu miaka ya 1890, zilipoanza kutumika vali za aina ya Schrader ambazo magari yanazitumia hadi leo. Kisha ishike vali kwa kidole, uikunje taratibu huku na huku, na upulizie shinani. Vali nyingi shina lake ni mpira, na mpira ukizeeka hupasuka nyufa ambazo hujificha vali ikisimama wima, zikafunguka ikiinama. Hiyo haikazwi, inabadilishwa. Ndiyo maana fundi makini hafungi tairi jipya kwenye vali ya zamani.

Na kile kifuniko cha vali usikidharau. Si yeye anayezuia hewa, lakini ndiye anayezuia vumbi lisimfikie anayeizuia.

Vali ikiwa salama, lifungue gurudumu. Legeza nati gari likiwa bado chini, kisha ndipo upige jeki, mahali pagumu na tambarare, breki ya mkono ikiwa juu. Wala usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jaza tairi lifike kipimo au lizidi kidogo, bila kuvuka kile kikomo cha ubavuni, kwa sababu presha kubwa huusukuma mwanya ujitokeze. Sehemu inayogusa barabara, yenye zile kashata, ipulizie kipande kwa kipande. Ukiona msumari au skrubu, usiing'oe. Weka chaki. Inawezekana haijafika ndani, na inawezekana ndiyo kizibo pekee kinachokufikisha kwa fundi.

Halafu laza gurudumu upande mmoja, umwage maji ya sabuni mduara mzima pale mdomo wa tairi unapokutana na rimu. Ligeuze, ufanye hivyo upande wa pili. Hapa usitegemee mapovu makubwa. Tundu la msumari hupuliza viputo kama vya mtoto anayechezea sabuni. Mwanya wa mdomoni haufanyi hivyo. Nilimwagia, sikuona kitu, nikaingia ndani kunawa mikono. Niliporudi baada ya dakika saba au nane nilikuta mstari mweupe umejichora upande wa ndani wa gurudumu, ule usioonekana gari likisimama, urefu wa kiganja, laini kama povu la kunyolea ndevu. Nikaufuta. Ukarudi pale pale.

Kwa nini beseni halikuuona? Kwa sababu beseni la fundi halikuwa na kina cha kutosha. Lilimeza kashata na kipande cha ubavu, likaacha mdomo juu ya maji. Hata mdomo ungeingia majini, viputo vidogo namna ile hung'ang'ania mpira kabla ya kupanda, na sekunde tano hazitoshi. Beseni ni zuri kwa misumari, na misumari ndiyo mingi, kwa hiyo simlaumu sana.

Mlango wa nne, rimu yenyewe, ni nadra zaidi, lakini mtu aliyeingia shimo kwa kishindo asiusahau. Rimu ya aloi huweza kupata ufa mwembamba kama unywele, na ya chuma hukunjika ukingoni mdomo ukakosa pa kukaa. Ufa mwingine huweza kubana gari likiwa juu ya jeki na kufunguka likibeba uzito. Ukikosa povu kila mahali na namba bado zinashuka, mulika rimu kwa tochi upande wa ndani, kati ya mkono mmoja wa rimu na mwingine.

Kuziba, na yale yasiyoziba

Wangu ulikuwa mlango wa mdomo, basi niumalizie. Fundi alilibandua tairi, na chini yake rimu ya aloi ilikuwa imefanya vipele vyeupe vya unga, rangi imefutuka kama ukuta uliokunywa maji. Aloi haipati kutu nyekundu, lakini inaoza kwa namna yake, hasa penye chumvi na unyevu. Chuma nacho hutoa kutu ya kawaida. Dawa ni moja: kusugua hadi pawe laini, kufuta vumbi, kupaka utomvu maalumu wa midomo ya tairi, kurudisha na kubalansi. Kiraka hakikuhusika, kwa sababu hapakuwa na tundu. Ningenunua tairi jipya, kama nilivyoshauriwa, lingewekwa juu ya vipele vile vile na kuendelea kushuka.

Kwa pancha ya msumari, mambo ni mengine, na hapa nina ubishi kidogo na mafundi wenye haraka. Njia ya haraka ni kamba: msumari unatolewa, tundu linapanuliwa kwa kekee, kamba ya mpira yenye gundi inasukumwa kutoka nje, tairi halijavuliwa hata rimu. Inazuia hewa, na ikiwa uko njiani usiku sina neno. Lakini hakuna aliyeona ndani. Njia kamili ni kulivua tairi na kutia uyoga kwa ndani, kiraka chenye mkia: mkia unajaza njia ya msumari ili maji yasifike kwenye nyaya za chuma, na kichwa kinaziba tabaka la butili. Tofauti kubwa si mpira unaotumika, ni kwamba mtu amechungulia. Tairi lililotembea likiwa limelegea sana huliwa kwa ndani. Ubavu hujisugua hadi kuacha vumbi jeusi la mpira, na huo ni ugonjwa ambao kiraka hakiutibu. Fundi akilivua akalikuta na vumbi hilo, akikwambia halizibiki, usidhani anataka kukuuzia.

Mipaka nayo ipo. Utaratibu unaofuatwa kwa mapana ni kwamba tundu lisizidi milimita 6 hivi na liwe kwenye kashata, mbali na bega, pale kashata inapokutana na ubavu. Kiwango cha Uingereza, BS AU 159, kwa pancha ndogo kinataja robo tatu ya katikati ya kashata. Ubavu haumo. Wapo wanaouziba na gari likatembea, ndipo watu husema "mbona langu liko sawa?" Piga hesabu: tairi lenye mzunguko wa mita mbili hugeuka mara 500 kwa kilomita, na kila mgeuko ubavu hukunjika na kukunjuka mara moja. Safari ya kilomita 100 ni mikunjo 50,000 juu ya kiraka ambacho hakikutengenezwa kukunjwa.

Dawa za kumimina, zile za chupa zinazotiwa kupitia vali, zina nafasi yake: kukufikisha. Huziba tundu la kashata, lakini mdomo wenye vipele au vali iliyopasuka haziitibu, na huweza kuchafua kihisi cha upepo kilichomo ndani. Ukiitia, mwambie fundi kabla hajafungua, asije akajimwagia.

Kuna na hii: "weka tyubu ndani, umalize kazi." Mantiki yake inaeleweka, ila tairi la tyubulesi halikuandaliwa kubeba tyubu. Viwili hivyo husuguana na kuzaa joto, na tyubu ikitoboka hewa hutoka yote kwa mara moja. Umebadilisha tatizo la wiki kuwa tatizo la sekunde.

Na nitrojeni? Hewa ya kawaida ni nitrojeni kwa asilimia 78 tayari. Jarida la Consumer Reports la Marekani liliwahi kujaza matairi mapya psi 30 na kuyaacha mwaka mzima: yenye hewa yalipoteza wastani wa psi 3.5, yenye nitrojeni 2.2. Tofauti ipo, tena ni ndogo kuliko alfajiri moja ya baridi inavyoweza kukuonyesha. Mwanya ulio wazi hauulizi gesi gani inapita.

Baada ya kuziba, rudi kwenye kijitabu. Jaza sawa, pima kesho, pima baada ya wiki, kwa geji ile ile. Tairi moja linaweza kuwa na milango miwili wazi, msumari na vali, na ukiziba mmoja utaona mwendo umepungua bila kukoma. Langu lilisoma 33 wiki ya kwanza na 33 ya pili. Nikaona nipime na spea pia, kwa kuwa geji ilikuwa mkononi. Ni lile jembamba la dharura, ambalo mengi ya aina hiyo hutaka psi 60. Lilisoma 19.